Sajini Valens na Njia ya Gashonga

“Alikuwa na miye,” mwanamke yule akarudia. “Ile jioni Sajini Valens alikuwa na miye.”

Watu wote ukumbini mwa kambi wakageuza vichwa. Hata karani aliyekuwa anachapa maneno ya watu aliacha vidole hewani.

Gaju hakugeuka. Najua wengi wenu mlitaka ageuke, amrukie mwanamke shingoni. Wiki nzima nimeyasikia hayo soko la Kamembe, mpaka kwa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakugeuka. Alimtazama mume wake.

Valens alikuwa kwenye kiti cha mbele, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya stuli pamoja na vyuma vyake. Macho yake yalikuwa sakafuni. Mtu asiye na kosa, Gaju akawaza, sakafuni anatafuta nini?

Kwa aliyepitwa na magazeti yaliyotangulia, habari ni hii. Kambini kulikuwa na sherehe ya kumuaga sajini-meja mmoja mzee aliyestaafu. Kila askari aliamriwa kuhudhuria. Wakati wa kurudi pikipiki aliyopanda Valens iliteleza kwenye tope, mguu ukavunjika vibaya. Ukapasuliwa, ukatiwa vyuma, ukagoma kupona. Sasa daktari amesema upasuliwe tena Kigali, na upesi, la sivyo utakatwa. Jeshi litaubeba mguu huo likikubali kwamba Valens aliumia akitoka kwenye shughuli ya kazi kwenda nyumbani. Lisipokubali, basi ni mguu wa mtu aliyeanguka katika mambo yake, na atarudishwa uraiani nao ulivyo.

Nyumbani kwake ni Nkanka, kando ya ziwa. Alikookotwa ni njia ya Gashonga, huko kwenye migomba. Ukielekea Gashonga, Nkanka umeipa mgongo.

Sakwe sakwe, wajukuu, kitendawili. Nilimsindikiza mgeni, mgeni akafika, mimi sijafika mpaka leo. Mimi ni nani? Shikeni jibu, msiliseme bado.

“Jina lako, mama,” akauliza Kapteni Mukundwa. Yeye ndiye aliyeongoza kamati, mwanamke mwembamba wa miwani, sauti yake ndogo lakini hairudiwi.

“Charlotte.”

“Charlotte wa nani?”

“Wa marehemu Mbarushimana. Alikuwa sajini mu hii kambi yenu. Miye ni mujane wake.”

Sasa Gaju akageuka. Mbarushimana alimjua. Alikuwa rafiki wa Valens wa kulala hema moja, kabla homa ya ini haijamchukua. Mke wa marehemu huyo Gaju alimwona siku ya mazishi tu, amejifunika kitenge mpaka machoni.

“Kwenye sherehe ulikuwa unafanya nini, Mama Charlotte?”

“Banialika. Bakubwa banatualikaka siye bajane, tukule, tusijione tumesahauliwa. Mvua ikaanza. Miye ninakaa Gashonga, mbali kule. Sajini Valens akasema, Mama, twende nikusindikize. Tukakamata moto mbili, pikipiki za kukodi. Akanifikisha mpaka ku mulango. Nikamwambia aingie akule hata ndizi, akakatala. Akasema bibi yake iko namungojea.”

“Halafu?”

“Halafu akarudi. Asubuhi nikasikia ameanguka kule chini ku kona.”

“Motari wa pikipiki hizo waliowabeba wako wapi?”

“Ule wake alivuka Bukavu tangu ile siku, hajaonekana. Wangu sikumujua.”

“Na mbona maneno haya hukuyaleta mapema?”

“Nani aliniulizaka, afande? Jana ndiyo nilisikia ku soko kwamba Valens alikuwa kwa malaya wa Gashonga. Nikasema hapana, nitaenda. Ule malaya ni miye, na miye siko malaya.”

Askari mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Gaju akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. Mgeni kafika, msindikizaji hajafika. Jibu mmeshalipata, na yeye pia. Mume wake hakuwa na mwanamke. Alikuwa na heshima, basi.

Lakini Kapteni Mukundwa alikuwa hajamaliza.

“Jibu polepole, Mama Charlotte. Kuna mtu aliyemtuma Sajini akusindikize?”

“Hapana.”

“Una hakika?”

“Nilimuuliza mwenyewe. Nilimwambia, usihangaike, nyumba yako iko Nkanka. Akasema hapana, hata miye ninaenda Gashonga, niko na shauri yangu kule. Njia yetu ni moja.”

“Alisema ana shauri lake.”

“Ndiyo, afande. Mungu ananiona, siwezi sema uwongo.”

Karani akachapa. Mnaona kilichotendeka? Mwanamke ametoka kwake alfajiri, ametembea kwenye tope, amekuja kumwokoa mtu. Na kwa kinywa chake safi amemzika.

“Sajini Valens.”

“Afande.”

“Uliandika kwamba ulitoka kambini moja kwa moja kwenda Nkanka. Ni kweli?”

“Si kweli, afande.”

“Shauri gani ulikuwa nalo Gashonga?”

Valens akafungua mdomo. Hakumtazama kapteni, wala Charlotte, wala mke wake. Alitazama kando ya mke wake, pale alipokaa Koplo Kamali, mdogo wake Gaju wa tumbo moja, askari wa kambi hiyo hiyo. Kamali alikuwa amepiga pasi, buti zinang’aa. Jina lake lilikuwa limetoka kati ya watakaopelekwa misheni ya kulinda amani nje ya nchi, na mtu wa misheni hatembei na buti chafu.

Kisha macho ya Valens yakarudi sakafuni.

“Nimesahau, afande.”

“Mtu hasahau njia iliyomvunja mguu,” kapteni akasema. “Tokeni mpumzike kidogo. Tukirudi, ninafunga.”

Gaju alimkuta Charlotte kwenye bomba la maji, ananawa tope miguuni.

“Weye umekuja kumuua bwana yangu ama kumuponyesha?”

“Nimesema kweli, Maman Ikirezi.” Ikirezi ni binti wa Gaju, na mama huitwa kwa mtoto wake.

“Kweli gani? Ngoja nikuulize. Ukitembeleaka bantu, wakati wa kutoka mwenye nyumba anafanya nini?”

“Ananisindikiza.”

“Na ku njia anakuambia nini? Kwamba umemuchosha?”

“Hapana. Anasemaka iko naenda kununua sabuni.”

“Na duka ya sabuni iko wapi?”

Charlotte akaacha kunawa. “Tumeipita kitambo.”

“Na iko natembea tu.”

“Iko natembea tu.”

“Sasa weye mujane, mvua inakupiga, ungetaka Valens akuambie bamemutuma akupeleke sawa gunia ya mihogo?”

Charlotte akaziba mdomo kwa kiganja chenye maji. “Mungu wangu. Hakukuwa na shauri.”

“Shauri ilikuwa weye, maman. Basi usilie. Kulia utalia ku Gashonga, hapa tuko na kazi.”

Kamali akatokea na chupa mbili za Fanta. Akampa dada yake moja, ile nyingine akaishika bila kuifungua.

“Dada, hii mambo tuiache. Shemeji amechoka, unamwona. Mguu tutauhangaikia siye familia.”

“Kwa nini? Kwa buti zako?”

“Nikifika misheni nitatuma.”

“Ukifika misheni huo mguu utakuwa umezikwa, Kamali. Utatuma ya sanduku.”

Siku nyingine Kamali angecheka, maana ni mtu wa kucheka hata msibani. Leo aliipindua ile chupa mkononi, akasema ana neno na mlinzi getini, akaondoka. Na getini hakufika. Alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Walipoingia tena, Gaju hakungoja kuitwa. Alisimama akaeleza yote: sabuni, duka lililopitwa, gunia la mihogo. Maofisa wawili wa kamati waliokaa pembeni mwa kapteni wakainamisha nyuso ili wasionekane wanatabasamu.

Kapteni mwenyewe hakujificha. “Mama Ikirezi, mimi nimekulia Bukavu, Kadutu. Nimesindikizwa na watu waliokuwa wanakwenda kununua sabuni mpaka nikafika kwetu.”

“Basi unajua, afande.”

“Ninajua. Lakini faili hili litasomwa Kigali na watu ambao hawakuwa kwenye mvua ile. Wataniuliza kitu kimoja: Sajini alikwenda kwa heshima yake au kwa amri? Heshima ni yake mwenyewe. Amri ni ya jeshi.”

Charlotte akainua mkono kama mwanafunzi.

“Afande, kuna kitu. Mukubwa wa kambi alikuwa amesimama ku mulango. Alinipa mukono, halafu akasema kwa bale askari, mugeni asitoke peke yake.”

“Alimwambia nani?”

“Sikuona. Nilikuwa nafunga kitambaa.”

Mkuu wa kambi wa siku zile, Meja Bashige, alikuwa amehamishiwa kaskazini. Kapteni Mukundwa akachukua simu yake, akaiweka mezani.

“Tutamuuliza mwenyewe.”

“Afande, tafadhali.”

Watu wote wakageuka. Aliyesema ni Valens, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilisikika mpaka nyuma.

“Usimpigie, afande. Nakubali. Nilikwenda kwa mambo yangu. Andika hivyo, nitatia sahihi.”

Gaju akainuka nusu kwenye benchi. Mlango umefunguliwa, mume wake anaufunga kwa mikono yake. Kwa nini? Anamficha nani?

“Sajini,” kapteni akasema, “katika kazi hii nimeona watu wengi wakiomba nipige simu. Anayeomba nisipige ndiye hunipa hamu.”

Akapiga. Simu ikalia, ikalia. Sauti nzito ikaitika, na nyuma yake upepo wa milimani.

“Meja Bashige, unakumbuka sherehe ya kumuaga sajini-meja?”

“Ninakumbuka. Mbuzi alikuwa mgumu kama kiatu.”

“Mjane wa Mbarushimana alipotoka, ulisema mgeni asitoke peke yake?”

“Nilisema.”

“Ulisema kwa adabu tu, au ilikuwa amri?”

“Kapteni, mimi nikisema kitu nimesimama kwenye mlango wa kambi yangu, ni amri. Hata ningeiambia mvua iache.”

Gaju akashika benchi kwa mikono miwili ili vigelegele visimtoke. Charlotte alikuwa tayari analia. Mguu umepona, akina mama. Mguu uko njiani kwenda Kigali.

“Asante, Meja. Kwa hiyo ulimtuma Sajini Valens.”

Upepo ukavuma kwenye simu.

“Valens? Hapana. Sajini mzima nitamtumaje kusindikiza wageni? Nilimtuma koplo. Yule mrefu, shemeji yake. Kamali.”

Simu ikakatwa.

Gaju aligeuza shingo taratibu, kama mtu anayeogopa kitakachokuwa pale. Kamali alikuwa ameshasimama, mikono imebana mapajani, kidevu juu.

“Koplo Kamali. Ulipewa amri hiyo?”

“Ndiyo, afande.”

“Sasa fikiri kabla hujanijibu, maana nitakuambia mizani ilivyo. Amri ikibadilisha mkono, aliyeibeba ndiye aliyekuwa kazini, na jeshi litamtibu. Aliyeitupa ana kesi. Cheo kinatoka begani, na misheni ataisikia redioni. Umeelewa?”

“Nimeelewa, afande.”

“Uliifanya kazi uliyopewa?”

Kamali akagonga visigino vya buti.

“Niliifanya, afande. Nilifuata nyuma na moto yangu mpaka Gashonga. Mgeni alipofika nikarudi. Sajini alikuja kwa mapenzi yake, mimi sikumwomba.”

Valens akafumba macho.

“Mama Charlotte, ulimwona Koplo Kamali nyuma yenu?”

Charlotte alitazama huku na huku akitafuta njia ya kutoka. “Mvua ilikuwa mingi, afande. Nilijifunika kichwa yote. Nilisikia moto zinapita, ziko nyuma, ziko mbele. Siwezi sema nilimuona. Siwezi sema hakukuwako.”

“Basi walikwenda wawili,” kapteni akasema. Hakusema kwa furaha. “Mmoja kwa amri, akarudi mzima. Mwingine kwa mapenzi yake, akarudi amevunjika. Na jeshi lilimtuma yule wa kwanza.”

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Nauliza mara moja kabla sijafunga. Kuna mtu aliyemwona Koplo Kamali jioni ile mahali pengine?”

Hapo Valens akayafumbua macho, akamtazama mke wake. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama anafukuza nzi. Usiseme.

Na Gaju akaelewa yote kwa mkupuo.

Jioni ile mvua ilikuwa inapiga mabati ya Nkanka mpaka watu hawasikilizani. Mlango wa jikoni ulisukumwa, akaingia Kamali amelowa, akavua buti, akauliza kuna nini. Kulikuwa na ugali na sambaza wa kukaanga, sahani ya Valens, imefunikwa. Kamali akaifunua. “Shemeji yuko nyuma,” alisema mdomo umejaa. “Amenisaidia kakazi kadogo.” Halafu akamwambia Ikirezi awashe televisheni, mechi isije ikamwacha. Alikuwa bado anashangilia bao simu ilipolia kusema Valens ameanguka.

Kakazi kadogo. Miezi yote hii maneno hayo yalikuwa yamelala kichwani mwa Gaju, na hakuna aliyekuja kuyaamsha. Alidhani ni kubeba viti. Alidhani ni kuosha masufuria ya sherehe. Na huyu mume wake, mguu unaoza kitandani, akachagua kuandika uongo na kuitwa mzinzi soko zima, ili shemeji yake asivuliwe cheo.

Kamali huyu mama yao alimwacha akiwa hajaanza kutembea. Gaju ndiye aliyemvusha daraja la Rusizi, amemfunga mgongoni, siku waliporudi kutoka Bukavu. Alimlisha kwa kijiko. Siku alipovaa sare mara ya kwanza, Gaju alichoma kidole kwa pasi kwa sababu ya machozi.

Mguu wa mume upande huu. Mabega ya ndugu upande ule. Niambieni ninyi, mngesimama upande gani?

“Hakuna?” kapteni akauliza. “Karani, andika.”

“Niko,” Gaju akasema.

“Sema kwa sauti.”

“Nilimuona miye, afande.” Alisimama, akaliacha benchi. “Ile jioni Kamali hakuwa Gashonga. Alikuwa kwangu Nkanka, mu jikoni. Alikula samaki ya Papa Ikirezi, akaangalia mechi. Alisema shemeji yake amemusaidia kakazi.”

Ukumbi mzima ukavuma kama mzinga wa nyuki. Ofisa mmoja akapiga meza. Charlotte akanong’ona jina la Mungu kwa Kimashi, lugha ya upande wa Bukavu.

Kamali hakugeuka. Alibaki wima, macho yake ukutani, juu ya vichwa vya watu wote. Chozi moja lilimshuka mpaka kidevuni na hakulifuta.

“Dada yangu anasema uongo, afande,” akasema. “Anataka kuokoa mguu wa bwana yake. Mimi kwake sikufika.”

Gaju amewahi kusikia mengi kwa Kamali, matusi ya utotoni, mizaha, hata dhihaka kuhusu ndoa yake. Hilo hajawahi.

Kapteni Mukundwa alimtazama koplo, akamtazama dada, kisha akageuza kiti chake polepole mpaka akakabiliana na yule mtu wa vyuma.

“Sajini Valens. Mke wako au shemeji yako, mmoja wao ananidanganya hapa mbele yangu, na wewe unamjua. Nani?”

Valens aliushusha mguu wake kutoka kwenye stuli kwa mikono miwili, jasho likimtoka. Akabana meno. Akajikaza kwa viganja juu ya kiti, na mbele ya mke wake na ndugu wa mke wake, akasimama kwa mguu mmoja ili ajibu.